Meli Isiyokwenda Popote

Insha ya meli ya kitalii sasa ni fani kamili, kama utenzi au hadithi ya upelelezi, na ina kanuni zake. Jarida kubwa la Marekani linamkatia tiketi mwandishi ambaye kwa hulka yake hapendi makundi ya watu. Mwandishi anapanda meli Florida, anazunguka Karibiani kwa wiki nzima, anakula kupita kiasi, anawacheka abiria wenzake, kisha anaanza kujicheka mwenyewe. Mwisho anashuka palepale alipopandia, akiwa na huzuni fulani. Wasomaji wanafurahi. Miaka inapita, mwandishi mwingine anatumwa.

Nimezisoma mbili kati ya insha hizo mfululizo, kwa bando la simu, hapa Misunkumilo, Manispaa ya Mpanda, ambako maji makubwa tuliyo nayo karibu ni bwawa la Milala na viboko wake. Nimecheka kwelikweli. Lakini nilipozimaliza nilibaki na swali ambalo insha zote mbili, pamoja na werevu wake wote, hazikuliuliza. Nitalifikia. Kwanza tuzitendee haki kazi zenyewe.

Ya kwanza ndiyo mama wa zote. David Foster Wallace alitumwa na jarida la Harper's mwezi Machi 1995, na insha yake ikatoka Januari 1996. Mwaka uliofuata ikawa ndiyo insha iliyokipa jina kitabu chake, *A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again*. Meli aliyopanda iliitwa Zenith, yaani kilele cha anga juu ya utosi. Yeye akaibatiza Nadir, kinyume chake, sehemu ya chini kabisa. (Maneno yote mawili Wazungu waliyachukua kwenye Kiarabu, kwa hiyo utani huo na sisi unatuhusu kidogo.)

Hoja ya Wallace ni rahisi kuieleza, ila si rahisi kuisahau. Anasema kampuni ya meli haikuuzii bahari wala visiwa. Inakuuzia ahadi kwamba kwa siku saba hutatamani kitu. Utadekezwa mpaka utosheke. Na yeye anagundua kwamba ile sehemu ya binadamu inayotaka kudekezwa haitosheki kamwe. Kuna mahali meli nyingine inatia nanga kando ya Nadir, nyeupe zaidi, safi zaidi, na ghafla mtu huyu aliyekuwa anaishi kama sultani anaanza kuona kasoro za meli yake na kuwaonea wivu wa kule. Mlevi wa wivu, juu ya ghorofa ya kumi na mbili! Hapo ndipo ucheshi wake unapogeuka kuwa falsafa, na ndiyo maana watu bado wanaisoma baada ya miaka thelathini.

Ya pili ni ya Gary Shteyngart, mwandishi wa riwaya aliyezaliwa Urusi ya Kisovieti na kukulia Marekani. Jarida la The Atlantic lilimpeleka Januari 2024 kwenye safari ya kwanza ya Icon of the Seas, meli kubwa kuliko zote za kitalii wakati huo. Icon ina urefu wa mita 365, staha 20, mabwawa saba ya kuogelea, wafanyakazi wapatao 2,350, na nafasi ya abiria mpaka 7,600. Ni kijiji kinachoelea, tena kijiji chenye bembea za maji. Shteyngart anavaa fulana yenye maandishi ya kuchekesha ili watu wamsemeshe. Wengi hawamsemeshi. Anaona jinsi abiria wanavyojipanga kwa madaraja, nani kasafiri mara ngapi na kampuni ile, nani ana kadi ya rangi gani. Anachekesha sana. Sentensi zake zina chumvi na pilipili.

Hata hivyo naiweka chini ya ile ya Wallace, na sababu si ufundi wa lugha. Wallace anajiweka kwenye mizani pamoja na wenzake, halafu anaona kwamba ana uzito uleule. Shteyngart anakaa pembeni mwa mizani. Anawatazama wale Wamarekani wanene wenye kaptula kama mtu anayetazama samaki kwenye tangi la kioo, na msomaji wa jarida anaalikwa kusimama upande wake. Kwa mtu wa Mpanda msimamo huo una jambo la kuchekesha zaidi ya fulana. Mimi nikisoma, wote wako ndani ya tangi.

Fikiria ni nini kinachohitajika ili uandike insha ya namna hii. Unahitaji viza ya Marekani, maana meli inaondoka Miami. Unahitaji mhariri mwenye maelfu ya dola. Na zaidi ya yote unahitaji kuwa mtu ambaye wiki moja ya kula na kulala inaweza kumhuzunisha. Kijana wa hapa kwetu anayetaka kuingia kwenye Icon, mlango wa karibu zaidi kwake ni ule wa wafanyakazi. Akipita huo, ataingia kwenye insha pia, lakini kama mtu anayebeba sinia.

Wallace analijua hilo kuliko anavyokubali. Kuna kisa katika insha yake ambacho nimekisoma mara tatu. Anafika mlangoni mwa chumba chake, anamwona mchukuzi Mlebanoni amelemewa, basi kwa wema anajibebea begi mwenyewe. Kumbe amemponza. Mchukuzi anakaripiwa na wakubwa zake kwa sababu abiria ameonekana amebeba mzigo. Wallace anahangaika, anaomba msamaha, anaeleza, na kila anachofanya kinaongeza tatizo. Ni kisa kizuri mno. Lakini angalieni kinakoishia: kwenye dhamiri ya abiria. Tunajua kila kitu kuhusu jinsi Wallace alivyojisikia. Mchukuzi, je? Alilala vipi usiku ule? Mshahara wake ulikatwa? Kwao aliandika barua gani? Hivyo hivyo kwa Petra, mhudumu wa chumba chake, ambaye Wallace anamvizia kama mpelelezi ili ajue anafanyaje kusafisha chumba kila anapotoka zaidi ya nusu saa. Petra anajua abiria wake wanatoka lini na kurudi lini. Yaani Petra ndiye aliyekuwa na insha kamili. Hakuwa na Harper's.

Sasa niingize kitu ambacho wandishi hawa wawili hawakukihitaji, ila mimi siwezi kukiruka. Ile Zenith ya Wallace iliundwa mwaka 1992 na kiwanda cha Meyer Werft, katika mji wa Papenburg, Ujerumani. Icon iliundwa Turku, Finland, kwenye kiwanda cha ukoo uleule wa Meyer. Na mwaka 1913, palepale Papenburg, ukoo huo uliunda meli nyingine, ndogo, ya mita 71 hivi. Ilipokamilika ikafunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha ikavutwa kwa reli ya kati kuelekea Kigoma. Walioileta waliiita Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala hapa wakati wa Maji Maji. Ikashushwa ziwani Februari 1915 ili ipigane vita. Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, wakiwa wameipaka mafuta mitambo yake kwa tumaini la kuirudia. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Ndiyo, ni Liemba yetu. Ukizipanga Liemba tano kichwa kwa mkia, bado hazifikii urefu wa Icon. Lakini ni dada wa baba mmoja.

Nilimsimulia habari hizi mama mmoja anayeuza dagaa na migebuka sokoni, mtu aliyesafiri na Liemba mara nyingi enzi za biashara yake ya Karema. Nilianza na Icon: mabwawa saba, bembea za maji, watu elfu saba. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kuchambua dagaa.

"Sasa mwanangu, hao wote wanakwenda wapi?"

"Hawaendi mahali, mama. Wanazunguka visiwani, halafu wanarudi Miami."

"Walikopandia?"

"Walikopandia."

Akanyamaza kidogo. "Na mzigo wao?"

"Hawana mzigo. Nguo tu."

"Basi hiyo si safari," akasema. "Hayo ni makazi."

Hilo ndilo swali nililosema nitalifikia. Wanakwenda wapi? Wallace anaitafuta asili ya huzuni yake kwenye bahari, kwenye kifo, kwenye udekezaji, kwenye utoto ulio ndani ya kila mtu mzima. Anakaribia sana. Lakini hakai hata dakika moja na jambo lililo wazi kabisa, kwamba meli ile haina inakokwenda. Bandari ni mapambo. Yeye mwenyewe kuna siku ikitia nanga hashuki, anabaki juu akitazama. Shteyngart naye anaviona visiwa kama vituo vya kununulia, kimojawapo kikiwa kisiwa cha kampuni yenyewe huko Bahamas. Chombo kilichobuniwa kumtoa mtu hapa kumpeleka pale, kimenyang'anywa "pale". Jamani, nani asingehuzunika?

Safari ya Liemba, kinyume chake, ilikuwa yote ni kwenda. Kutoka Kigoma mpaka Mpulungu, Zambia, ilipita vituo vingi ambavyo havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, ikapiga honi, na boti za mbao zikaijia gizani. Yule mama anasema mlango wa ubavuni ukifunguliwa, wanaoshuka na wanaopanda walikutana palepale, na magunia ya dagaa, na mananasi, na kuku, na mtoto anayekabidhiwa mkono kwa mkono kwa mtu usiyemjua. Daraja la tatu ulilala ulipopata. Kila mtu alijua anakwenda wapi, na kwa nini.

Hapa nijihadhari, maana mtego upo. Ni rahisi kwa msomaji wa kwetu kusema: wao wana anasa na upweke, sisi tuna shida na utu. Sikubaliani na usemi huo. Kulala juu ya magunia si utu, ni kukosa kitanda. Wallace anatetemeshwa na bahari kama wazo, na nina heshima kwa woga wake, lakini insha yake ilichapishwa Januari 1996, na tarehe 21 Mei mwaka huohuo MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Kwa Mtanzania, meli iliyojaa kupita kiasi si kiburudisho cha falsafa. Karema sasa ina bandari ya kisasa, zaidi ya kilomita mia moja kutoka hapa Mpanda, na sijamsikia mtu yeyote wa Karema akililia zile boti za gizani. Nami nikipewa tiketi ya Icon kesho, naenda. Nitapanda bembea zote.

Aliyelisema hili vizuri kuliko wote ni mtu wa Karibiani yenyewe. Jamaica Kincaid, katika *A Small Place*, kitabu chembamba cha 1988, anasimama kwenye kisiwa chake cha Antigua na kumsemesha mtalii moja kwa moja, nafsi ya pili, bila kumpa nafasi ya kupumua. Anamwonyesha barabara, maktaba iliyoharibika, na maji machafu yanakoishia: kwenye bahari ileile anayoogelea. Halafu anasema jambo linalouma pande zote: kila mwenyeji angependa naye awe mtalii mahali fulani, apumzike na maisha yake, ila wenyeji wengi wa dunia hii ni maskini mno kuweza kwenda popote. Ukisoma Kincaid baada ya Wallace, ni kama mtu amewasha taa upande wa pili wa dirisha. Kumbe wakati abiria anatazama kisiwa kwa huzuni yake, kisiwa nacho kilikuwa kinamtazama.

Kincaid ameandika ufuko. Nani ameandika upande wa wafanyakazi? Kwa Kiswahili, bahati njema, hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 1896 Mngazija mmoja, Salim bin Abakari, alisafiri Urusi mpaka Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani. Aliporudi aliandika safari hiyo kwa Kiswahili, na Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Tafakarini jambo hilo. Miaka karibu mia kabla ya Wallace kumvizia Petra, Petra wetu alikuwa ameshaandika. Anatazama miji, baridi, vyakula, Waislamu wa nchi zile, na bwana wake ni mtu mmoja tu kati ya vitu vingi vya kutazamwa. Hana huzuni ya kujipekua. Ana udadisi, na ana kazi ya kufanya. Nathari yake ni kavu, fupi, na inakwenda mbele kila sentensi.

Halafu kuna *Kuli* ya Adam Shafi, ya 1979, riwaya ya wapakizi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948. Humo meli haionekani kutoka juu. Inaonekana kutoka chini ya gunia, shingo ikiwa imepinda. Shafi hakuhitaji kupanda meli ili aandike maana yake. Alihitaji kujua inapakiwa na nani, kwa ujira gani.

Ndiyo maana ukimya kuhusu Liemba unaniuma. Tazameni walioiandika. C. S. Forester alichota kwenye vita vile vya ziwani riwaya yake *The African Queen* ya 1935, ikawa filamu 1951. Mwingereza Giles Foden aliandika habari za vita hivyo 2004. Alex Capus, kwa Kijerumani, akaandika riwaya kuhusu mafundi wa Papenburg waliokuja kuiunganisha, 2007. Vitabu vya watu wanaojua kazi yao, sina ugomvi navyo. Lakini vyote vinaipenda meli ile ilipokuwa na mizinga. Vita vyake vilikuwa vya mwaka mmoja na kitu. Kubeba abiria kulichukua miongo mingi, na hiyo miongo si kiini cha vitabu hivyo.

Wala si kwamba hakukuwa na kisa. Mwaka 1997 Liemba ilitumika kurudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi Zaire. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inawachukua, mia sita hivi kwa safari, kwenda Kigoma. Hapa mkoani Katavi, ambako makazi ya Katumba na Mishamo yalianzishwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, na ambako wengi wao walipewa uraia 2014, habari hiyo si ya mbali. Ni ya majirani. Kuna watu katika mkoa huu wanaoweza kueleza maana ya kupanda chombo bila kujua kama utarudi ulikotoka. Wallace angetoa nusu ya ukurasa wake kwa sentensi moja ya mtu huyo, naamini hivyo. Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko waandishi wengi wa fani yake.

Liemba ilikaa miaka kadhaa bila abiria, ikisubiri matengenezo. Waliosafiri nayo daraja la tatu wakiwa vijana sasa ni wazee, na wazee hawasubiri matengenezo. Ikiwa kazini na rangi mpya, watakuja watalii, na mmoja wao ataandika insha nzuri kuhusu meli kongwe ya Kijerumani, machweo ya ziwa na bia vuguvugu. Tutaisoma kwa bando, tutacheka, tutaisambaza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu, wasomaji wenzangu, ni wa mpangilio. Someni Wallace kwanza, kwa furaha, maana hakuna aliyeitazama anasa kwa ukali na huruma kiasi kile. Shteyngart mnaweza kumsoma kwa kicheko siku ya mvua. Kisha Kincaid. Kisha mtafuteni Salim bin Abakari, hata kama ni nakala ya kuazima, mwone jinsi mtu aliyekwenda kutumika alivyorudi na kalamu. Na mkiwa mnaishi Kigoma, Kirando, Kasanga au Karema, mkamaliza kusoma, tafuteni mzee aliyewahi kuwa kwenye ule mlango wa ubavuni usiku, muulizeni alikuwa anakwenda wapi, na mwandike anachosema.